Gari Hili Liko Hai? Jinsi ya Kukadiria Magari ya Spoti ya Kale Yaliyobaki

Fundi mmoja wa Kirinyaga Road, Nairobi, alifungua boneti ya Datsun 240Z, gari la spoti la Kijapani, iliyokuwa nyuma ya gereji yake, akachovya kitambaa kwenye petroli, akaanza kusugua ule ukuta wa chuma ulio kati ya injini na dereva. Grisi ilipotoka, herufi zikajitokeza: HS30, kisha tarakimu zake. Hiyo ndiyo nambari ya chesisi. HS30 ni 240Z ya usukani wa kulia. Ya usukani wa kushoto huandikwa HLS30. Mahali pa injini palikuwa patupu, na upande mmoja gari lilikuwa limekalia mawe. Fundi akaniangalia. “Sasa dokta, hii utaandika iko hai ama imekufa?”

Kazi yangu katika idara ya takwimu ni kukadiria idadi ya vitu visivyopanga foleni vihesabiwe, na swali hilo hunijia mara kwa mara. Huuliza wenye magari, huuliza watu wa bima, na zaidi huuliza mnunuzi aliyeambiwa kwamba “zimebaki tatu tu Kenya nzima”, bei ikapanda papo hapo. Na 240Z si gari geni kwetu. Ndilo alilotumia Edgar Herrmann kushinda mbio za magari za Safari mwaka 1971, na Shekhar Mehta akashinda nalo mwaka 1973. Anayetaka kujua yamebaki mangapi anauliza habari za nyumbani.

Wengi hudhani jibu ni jepesi: nenda kwenye rejista ya magari, hesabu, umemaliza. Tatizo ni kwamba rejista huhesabu karatasi. Gari huingia humo kwa mlango unaolindwa vizuri, kwa sababu bila nambari ya usajili na logibuku, yaani hati ya umiliki wa gari, huwezi kulitembeza wala kuliuza kihalali. Mlango wa kutokea haulindwi na mtu. Gari likikatwakatwa kwa wauza vyuma chakavu, mwenyewe anatakiwa kutoa taarifa ili lifutwe, lakini safari hiyo haimpi faida yoyote. Logibuku hubaki kwenye droo, mwenye droo naye hufariki, na miaka thelathini baadaye lile gari bado “lipo”. Kwa hiyo jumla ya rejista kwa modeli ya kale inakaribia kuwa idadi ya magari yaliyowahi kuingia. Ichukue kama dari ya nyumba: idadi ya kweli iko mahali fulani chini yake.

Hata dari yenyewe huvuja. Jina la modeli liliandikwa na karani, kila mmoja kwa mkono wake. Gari lilelile laweza kuwa “Datsun 240Z” hapa, “Datsun 240 Z” pale, na kwingine “Nissan”, kwa kuwa kampuni iliachana na jina la Datsun katika miaka ya 1980 na waliojaza fomu baadaye waliandika walichozoea. Ukitafuta kwa jina utapata sehemu tu. Sisi hutafuta kwa mwanzo wa nambari ya chesisi, kwa sababu HS30 haijali karani aliliita gari nini. Chesisi moja ikionekana chini ya nambari mbili za usajili, hilo ni gari moja lililosajiliwa upya. Kazi hii ya kusafisha orodha ndiyo inayokula siku nyingi, na naiheshimu kuliko fomyula zote.

Uingereza wana msaada ambao sisi hatuna. Huko gari lazima liwe ama limelipiwa kodi ya barabara kila mwaka au, tangu 1998, limetangazwa rasmi kuwa halitumiki barabarani, tangazo ambalo hadi 2013 nalo lilihuishwa kila mwaka. Gari la kale lisilotozwa kodi nalo huhuishwa kila mwaka vilevile. Hayo ni kama mapigo ya moyo: yakikoma, mtakwimu anajua kuna jambo. Kwetu, leseni ya barabara ya kila mwaka kwa magari ya binafsi iliondolewa na ada ikahamia kwenye mafuta. Mlipaji alipata nafuu, lakini rejista ikapoteza mapigo yake.

Hata hivyo, tarakimu za Uingereza nazo zina mitego. Rekodi zilipohamishwa kutoka vitabu vya kaunti kwenda kwenye kompyuta, magari yasiyokuwa yamehamishwa kufikia mwisho wa Novemba 1983 yaliachwa nje, yakiwemo mengi yaliyokuwa yamelala ghalani. Kisha kuna jambo linalowashangaza wanafunzi wangu kila mwaka: idadi ya modeli iliyokoma kutengenezwa zamani inaweza kupanda. MGB, gari la spoti la Kiingereza, ilitengenezwa kuanzia 1962 hadi 1980, zaidi ya magari nusu milioni, na mengi yaliuzwa Marekani. Bei ilipopanda, baadhi yalirudishwa Uingereza na kusajiliwa huko kwa mara ya kwanza. Kwa hiyo anayegawanya idadi ya leo kwa idadi iliyouzwa humo zamani na kuliita jibu hilo asilimia ya walionusurika anachanganya waliozaliwa nyumbani na waliohamia.

Kufa kwenyewe hakuendi kwa mwendo mmoja. Gari likiwa jipya, ni ajali na wizi tu. Likifika miaka kumi hadi ishirini, matengenezo huanza kugharimu kuliko bei yake, na hapo ndipo mengi huishia. Yanayovuka bonde hilo hukutana na watu wanaoyapenda, na kifo hupungua sana. Ukichora mstari ulionyooka kutoka miaka ya mwanzo, utayazika magari ambayo yangali yananguruma.

Basi tufanyeje hapa Nairobi? Tunatumia njia iliyotumika kwa punda milia. Mnamo Januari 2016, watu walizunguka kaskazini mwa Kenya kwa siku mbili wakiwapiga picha punda milia wa Grevy, kwa maana mistari ya kila mmoja ni ya kwake peke yake. Waliojitokeza siku zote mbili ndio waliosaidia kukadiria wale ambao hawakuonekana kabisa. Makadirio yakawa takriban 2,350. Sisi tuna mistari pia, ndiyo nambari za chesisi.

Tunahitaji orodha mbili zisizotegemeana. Ya kwanza ni ya bima, kwa kuwa bima ya mtu wa tatu ni lazima kisheria na inalipwa upya kila mara. Ya pili ni ya magari tuliyoyaona kwa macho: gereji za Industrial Area na Kirinyaga Road, nyua za watu, na maonyesho ya Concours d'Elegance pale Ngong Racecourse, ambayo yamekuwepo tangu 1970. Tuchukue mfano wa darasani, tarakimu zake ni za kufundishia tu. Rejista iliyosafishwa ina magari 180. Bima ina 60. Kwa macho tumeona 40, na kati ya hayo 40, 24 yamo pia kwenye bima. Maana yake bima imenasa asilimia 60 ya magari tuliyokutana nayo bila kuuliza bima. Kama inanasa asilimia 60 ya yote, basi yale 60 ni asilimia 60 ya 100. Makadirio ni magari 100 yaliyo hai. Tumeyagusa 76 kwa orodha zote mbili, 24 yamejificha, na 80 ya rejista huenda ni karatasi tupu.

Hapo nasisitiza jambo moja darasani hadi sauti inakauka. Mtu anayelipeleka gari lake Ngong likiwa limeng'arishwa hadi kwenye spoku ndiye huyohuyo anayelipa bima. Orodha zetu mbili ni ndugu, na orodha zikiwa ndugu makadirio huwa madogo kuliko ukweli. Ile 100 ni sakafu. Ndiyo maana gereji ya fundi wangu ina thamani kuliko maonyesho: ni hapo unapokutana na gari lisilo na bima, lisilo na mng'aro, na lililopo.

Nikamjibu kwamba tuna safu tatu: linatembea, lipo lakini halitembei, na halipo. La kwake niliandika safu ya pili, na injini, akaniambia, iko kwa ndugu yake Gikomba ikifanyiwa ovaholi. Nikaomba logibuku. Aliitoa kwenye mfuko wa nailoni, imekunjwa mara nne, nambari ya usajili ni ile ya zamani isiyo na herufi ya mwisho. Tukaisoma chesisi pamoja, yeye kwenye chuma, mimi kwenye karatasi. Chuma kilisema 3 mahali ambapo karatasi ilisema 8. Kwenye rejista, basi, kuna gari ambalo halijawahi kuwapo, na mbele yetu, juu ya mawe, kuna gari ambalo rejista haijawahi kulijua.