Deraya ya manowari haikuboreshwa kwa ugumu peke yake

Wiki hii nimeulizwa tena, safari hii na kijana aliyehitimu uhandisi mitambo: "Injinia, kwa nini hawakuyafanya mabamba ya manowari yawe magumu mbele hadi nyuma, kombora lisipite kabisa?" Kabla sijafungua mdomo, mwenzake akadakia kwamba dawa ni kuongeza unene. Nayasikia haya karakanani, nayasikia madarasani, nayasoma chini ya kila video ya meli za zamani. Kazi yangu ni kutibu chuma kwa joto, na imani hii inaharibu vifaa vya watu kila siku. Nimechoka kuijibu kwa sentensi mbili mbili, kwa hiyo leo nakaa nayo.

Chukua tindo. Ncha yake imezimwa kwa maji ikawa ngumu, lakini kichwa kinachopigwa nyundo kimeachwa laini makusudi. Mteja aking'ang'ania uizime yote, siku ya kwanza kazini kichwa kinabanduka kipande, na kipande hicho kinaruka kuelekea jicho la aliyeishika. Chuma ni kilekile na moto ni uleule. Sehemu iliyopaswa kupokea pigo na kubonyea kidogo imenyang'anywa uwezo wa kubonyea, basi inapasuka. Deraya ya manowari, yaani mabamba yanayoikinga meli ya vita, ni tatizo hilohilo, ila nyundo ni kombora la mzinga, nayo ina mamia ya kilo na inakuja kasi kuliko sauti.

Sasa turudi walikoanzia. Oktoba 1855, kwenye vita vya Krimea, Wafaransa walizipeleka Kinburn, ngome ya Warusi, ngome tatu zinazoelea, Dévastation, Lave na Tonnante, zikiwa na mabamba ya milimita 110. Zikapigwa sana na zikaendelea kufyatua. Miaka minne baadaye wakaishusha majini manowari yao Gloire, na mwaka 1860 Waingereza wakajibu kwa Warrior, ambayo mpaka leo imefungwa gatini Portsmouth: milimita 114 za chuma cha kufua, yaani chuma chenye kaboni kidogo sana, juu ya milimita 457 za mbao za mtiki.

Chuma hicho kilikuwa laini. Hapa ndipo watu hunibishia. Feleji, yaani chuma chenye kaboni zaidi na kigumu zaidi, ilikuwapo, lakini mabamba makubwa ya feleji ya wakati ule yalipasuka yakipigwa. Mwaka 1861 Uingereza iliunda kamati maalumu ya chuma, ikapiga mizinga mabamba ya kila namna, na majibu yakawa wazi: kilichostahimili vizuri kilikuwa chuma safi, laini, kinachokubali kunyumbuka. Mabamba yaliyokaribia feleji kwa ugumu yalivunjika. Chuma laini kinabonyea, kinakula nguvu ya kombora kwa kubadilika umbo, na baada ya pigo bado kimening'inia mahali pake kusubiri pigo la pili. Bamba lililovunjika vipande viwili limeshinda kombora moja tu. Kombora la pili linakuta ubavu uko wazi.

Mtiki nao una kazi. Unatawanya mshtuko, unashika vipande, na hauli chuma. Mwaloni una asidi inayokiozesha chuma kilichoulalia.

Nataka kuzungumzia bolti kwa kirefu, maana hakuna anayeniuliza habari zake na ndizo zilizoua watu. Bamba linaweza kukataa kombora kabisa, lakini mshtuko unapita hadi kwenye bolti, bolti inakatika, na kichwa au nati inaruka ndani ya meli kama risasi. Tarehe 7 Aprili 1863, mbele ya Charleston, kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, ndivyo ilivyotokea ndani ya Nahant, manowari ya Marekani ya aina ya monita, meli iliyokaa chini karibu na maji na kubeba mizinga mikubwa. Bolti zilizokatika ziliruka ndani ya chumba cha usukani na mshika usukani akafa.

Silika ya wengi hapo ni kuweka bolti nene zaidi. Tazama bolti ya kawaida: shina ni nene, na penye meno chuma kimepungua. Ikivutwa ghafla, shina nene halirefuki, mvutano wote unakusanyika kwenye kile kipande kifupi cha meno, kinakatika. William Palliser, ofisa wa jeshi la Uingereza, alipendekeza kinyume: shina lichongwe hadi unene wake ulingane na chuma kilichobaki chini ya meno. Bolti ikawa nyembamba, ikapata nafasi ya kurefuka kidogo kwa urefu wake wote, na ikastahimili mshtuko uliokata ile nene. Mafundi wa injini mmeliona umbo hilo kwenye bolti za konrodi. Ukilielewa hili kuhusu bolti, umeelewa nusu ya habari ya deraya.

Unene una hadithi fupi. Machi 1862 pale Hampton Roads, katika vita hivyohivyo vya Marekani, Monitor ya upande wa Kaskazini ilikuwa na mnara wa mizinga wenye inchi 8, lakini zilikuwa tabaka nane za inchi moja moja. Virginia ya upande wa Kusini ilikuwa na tabaka mbili za inchi mbili mbili juu ya mbao nene, zilizolazwa kwa mshazari. Tabaka hazifikii bamba moja zima la unene uleule, kwa sababu kila moja inapinda peke yake. Walizitumia kwa kuwa viwanda vyao havikuweza kutoa mabamba mazito kwa wakati. Kisha mizinga ikakua, mabamba yakaifuata, hadi Inflexible ya Uingereza iliyokamilika mwaka 1881: mabamba mawili ya inchi 12, moja nyuma ya jingine, na mtiki katikati. Inchi 24 za chuma ni karibu tani 4.7 kwa kila mita ya mraba. Kwa uzito huo deraya ilitosha kuzunguka sehemu ya kati tu, na ubavu wa mbele na wa nyuma ukaachwa bila mabamba. Anayesema "ongeza unene" aniambie meli itaelea na nini.

Wakati huohuo feleji ilikuwa inarudi. Mwaka 1876, pale La Spezia, Waitalia waliyapiga mabamba kwa mzinga wa Armstrong wa tani 100. Mabamba ya chuma cha kufua yalitobolewa. Bamba la feleji la kampuni ya Kifaransa ya Schneider kutoka Le Creusot lilizuia kombora, lakini likavunjika. Waitalia wakachagua feleji kwa meli yao Duilio. Waingereza walilitazama bamba lilelile lililovunjika wakakataa. Pande zote mbili zilikuwa na sababu nzuri, na mwanafunzi anayeona upande mmoja tu ndio uliokuwa na akili hajaisoma habari hii.

Jibu la Sheffield, mji wa viwanda vya feleji wa Uingereza, lilikuwa bamba la tabaka mbili zilizoungana: uso wa feleji ngumu, kama theluthi ya unene, na mgongo wa chuma cha kufua. Wilson wa kampuni ya Cammell alimimina feleji iliyoyeyuka juu ya bamba la chuma lililokuwa la moto. Ellis wa kampuni ya John Brown aliweka bamba la feleji lililokwisha kutengenezwa mbele ya bamba la chuma, akamimina feleji ya kuyaunganisha katikati. Wazo ni sahihi kabisa, uso uvunje kombora na mgongo uushike uso. Udhaifu ulikuwa kwenye kiungo. Vyuma viwili vyenye kaboni tofauti havitanuki wala kusinyaa sawa, na pigo zito lilibandua uso vipandevipande ukaacha mgongo mtupu.

Septemba 1890, Annapolis, Wamarekani walipambanisha bamba la tabaka mbili, bamba la feleji tupu, na bamba la feleji yenye nikeli, hizi mbili za mwisho zikitoka kwa Schneider. La tabaka mbili liliharibika vibaya. La feleji tupu lilipata nyufa. Lenye nikeli halikupasuka. Nikeli haikuleta ugumu wa ajabu. Ilichofanya ni kuizuia feleji isipasuke.

Hapa nina shaka ambayo vitabu havipendi kuigusa. Bamba moja la kila aina si jaribio la kutosha. Anayetibu chuma anajua kwamba mabamba mawili ya tanuri moja, siku moja, yanaweza kutofautiana kiasi cha kukuaibisha. Bamba zuri la njia mbaya linaweza kulishinda bamba baya la njia nzuri. Naamini matokeo ya Annapolis kwa sababu miaka iliyofuata iliyathibitisha. Majaribio yale peke yake yasingenitosha.

Mmarekani Hayward Augustus Harvey ndiye aliyeondoa kiungo. Alichukua bamba moja la feleji, akaubana uso wake kwenye makaa ndani ya tanuri kwa wiki mbili hadi tatu, kaboni ikaingia taratibu kutoka nje, kisha akaupoza ghafla kwa maji. Uso ukawa na kaboni nyingi na ugumu mkubwa, na kadiri unavyoingia ndani ugumu unapungua polepole hadi kwenye feleji ya kawaida. Hakuna mstari wa kubandukia. Uso huo haukubali kutobolewa kwa keekee, kwa hiyo bolti zinaingizwa kutoka nyuma, kwenye chuma laini, na hazitokezi mbele.

Krupp wa Essen, Ujerumani, akamalizia miaka michache baadaye. Aliongeza kromi kwenye feleji ya nikeli, na kromi inaruhusu chuma kuwa kigumu hadi ndani zaidi kinapopozwa. Bamba lililokwisha kutiwa kaboni lilifunikwa mgongo kwa udongo, likachomwa upande wa uso tu. Joto liliingia polepole, na lilipofika karibu theluthi ya unene au zaidi kidogo, bamba lilitolewa likamwagiwa maji kwa nguvu. Sehemu iliyofikia joto ikawa ngumu, iliyobaki ikabaki shupavu. Soma hatua hiyo tena ninyi mnaotaka ugumu hadi nyuma: watu wa Essen waliweza kulichoma bamba lote, na walihangaika kwa udongo ili mgongo usifikie joto hilo.

Faida unaiona kwenye meli zenyewe. Royal Sovereign ya mwanzo wa miaka ya 1890 ilikuwa na mkanda, yaani safu ya deraya ubavuni, wa inchi 18 za tabaka mbili. Majestic, iliyokamilika 1895, ilikuwa na inchi 9 za Harvey. Canopus, iliyoshushwa majini 1897, inchi 6 za Krupp. Kutoka karibu tani 3.6 kwa mita ya mraba hadi karibu 1.2. Uzito uliookolewa ukaenda kufunika eneo kubwa zaidi la ubavu.

Kuna jedwali maarufu linalosema inchi 15 za chuma cha kufua ni sawa na 12 za feleji tupu au tabaka mbili, 7 na nusu hivi za Harvey, na chini kidogo ya 6 za Krupp. Silipendi. Linalitazama bamba na kulisahau kombora. Kombora la Palliser lenye ncha ya chuma cha kalibu lilitoboa chuma cha kufua vizuri sana, lakini likikutana na uso mgumu linavunjika lenyewe, kwa hiyo sehemu ya "ubora" wa Harvey ni udhaifu wa kombora lile. Amirali Makarov wa Urusi alipovisha ncha ya kombora kofia ya chuma laini, kofia ikaikinga ncha katika mgongano wa kwanza na kombora likapenya. Sehemu ya faida ya uso mgumu ikapotea, ingawa kombora likija kwa mshazari kofia laini haisaidii sana. Bamba halikubadilika hata chembe, na jedwali likapitwa.

Sitaha nazo ni kesi tofauti. Königsberg, manowari ya Ujerumani iliyomalizwa na monita mbili za Uingereza, Severn na Mersey, kwenye delta ya Rufiji Julai 1915, haikuwa na mkanda wa deraya ubavuni. Kinga yake kuu ilikuwa sitaha ya deraya. Kombora linaipiga sitaha kwa mlalo, linateleza na kuisukuma chini. Uso mgumu hapo unapasuka bila faida, kinachotakiwa ni bamba linalopinda na kulirudisha kombora juu. Kwa hiyo hata viwanda vilivyokuwa na tanuri za Krupp vilitengeneza mabamba ya sitaha bila kuyatia kaboni usoni, na mabamba membamba chini ya inchi 4 hivi hayakutiwa pia, kwa kuwa ukiuondoa unene wa uso mgumu, mgongo unaobaki hautoshi kuushika.