Ndege hazipigiani full kama malori, ila kuna taa zinaongea kweli

Mjomba wangu kala miaka mingi kwenye lori la Dar–Tunduma, sasa siku moja tumeenda uwanja wa Nyerere usiku kumpokea mtu, tuko tu pembeni ya uzio tunaangalia ndege, akaniuliza siriasi kabisa, hivi hawa marubani wakikutana huko juu wanapigiana full kama sisi? Maana barabarani ukipigwa full unajua mbele kuna trafiki, na lori la mbele likikuwashia indiketa ya kulia huthubutu kuovateki, kuna chuma kinakuja. Na sio yeye tu, watu kibao wanaamini zile taa ni lugha ya siri, mara ni Morse, zile herufi za mimweko mifupi na mirefu, mara ile nyekundu inayomweka ni rubani anaomba msaada.

Tuanze na hiyo nyekundu. Ile ya mgongoni na tumboni inaitwa bikoni na kazi yake kubwa chini pale ni kuongea na watu wa mizigo na mafuta, sio na rubani mwenzie. Inawashwa kabla injini haijawashwa, inazimwa injini zikishazima. Siku ukipata siti ya dirishani usiku angalia vizuri ndege ikishapaki, vijana wa vizibao vya reflekta wanakaa mbali, wao na mikokoteni yao, wekundu unapiga sakafuni unapotea, unapiga unapotea, ukikatika ndo unaona wote wanasogea kwa mpigo. Injini ya jeti inafyonza mtu, kwa hiyo hapo hakuna utani.

Halafu kuna hii ya nyekundu na kijani kwamba ni kama taa za barabarani, nyekundu simama kijani pita. Hapana. Nyekundu inakaa bawa la kushoto, kijani la kulia, nyeupe mkiani, na huo mtindo umetoka melini, manahodha wa boti za Zanzibar wanaujua vizuri tu. Ukiona nyekundu peke yake ndege inaelekea kushoto kwako, kijani peke yake inaelekea kulia, ukiona zote mbili na nyekundu iko upande wako wa kulia basi inakujia wewe. Hakuna anayebonyeza kitu ili kukuambia, rangi zenyewe zinakuambia.

Sasa mjomba hakukosea asilimia mia. Huko juu wanasalimiana kweli! Ndege mbili zinapishana, moja iko futi 1,000 juu ya nyingine, kila moja inakimbia kama kilomita 900 kwa saa, ukijumlisha 1,800, yaani ni sekunde chache tu mwenzio keshapita, basi rubani anawasha na kuzima taa za kutua na mwenzie anajibu. Ndo mambo na poa, basi. Hakuna sheria inayomlazimisha na hakuna taarifa yoyote humo ndani. Taarifa zinaenda kwa redio, tena anga kubwa la Afrika lina masafa yake maalum, 126.9 megahezi, marubani wanajitangaza wenyewe wako wapi, futi ngapi, wanaelekea wapi, ili aliye jirani asikie. Mtu unaongea naye kwa mdomo, Morse ya nini tena.

Taa zinageuka ujumbe wenyewe pale redio inapokufa. Mnara wa kuongozea ndege una taa ya mkononi wanamwelekezea rubani: akiwa angani akaona kijani isiyomweka anatua, nyekundu isiyomweka ampishe mwenzie aendelee kuzunguka, nyekundu inayomweka uwanja sio salama asitue. Usiku anajibu kwa kuwasha na kuzima taa za kutua mara mbili. Na ndege ya kivita ikija pembeni yako ikatikisa mabawa huku inamwekamweka taa zake hiyo sio salamu, inasema nifuate, na wewe unajibu hivyo hivyo kisha unafuata.

Chini ndo mambo mazito. Zile nyeupe kali za ncha za mabawa zinawashwa ndege ikiingia njia ya kurukia, na taa za kutua zikiwaka zote maana yake mara nyingi ni kwamba karuhusiwa kuruka. Watu wanaona mbwembwe, ila Los Angeles tarehe 1 Februari 1991 Boeing 737 ya USAir iliruhusiwa kutua usiku kwenye njia ambayo kindege cha SkyWest kilikuwa kimesimama kinasubiri kuruka, mwongozaji wa mnarani alishakisahau, na kwa nyuma taa zake chache zilimezwa na taa za njia yenyewe. Wakafa watu 35.

Nilikuwa bado namweleza mjomba hayo, mbele yetu ndege mbili zinatembea chini zinakaribia kona moja, kubwa na ndogo. Ile ndogo ikasimama na taa yake ya mbele, ile ya gurudumu la puani, ikazima. Nikataka kumwambia mnara ndo unaamua nani apite, taa ni kumwonyesha tu mwenzie kwamba nimesimama, pita. Sikuwahi, mjomba keshacheka, "Si huyo kampisha!"