Umeshtakiwa kwa mkopo ambao hukuchukua? Usiende kuomba radhi kwa mkopeshaji

Kwenye kituo chetu cha msaada wa kisheria hapa Kigoma mjini wanakuja watu na samansi (hati ya kuitwa mahakamani) mkononi, muuza dagaa wa Kibirizi, dereva boda wa Mwanga, mwalimu kutoka Buhigwe, wote wimbo mmoja, "huo mkopo mi siujui". Ukichimba unakuta kitambulisho chake kilitolewa kopi stationeri ikabaki huko, au alisajili laini kwa wakala barabarani akaambiwa weka tena kidole haijasoma, kumbe imesoma vizuri tu na jamaa amesajili laini ya pili kwa jina lake akaikopea. Piga *106# leo hii uone namba ngapi zimesajiliwa kwa NIDA yako (namba ya kitambulisho cha taifa), utashangaa.

Sasa tatizo kubwa tunaloliona si wizi wenyewe, ni kile mtu anachofanya akishapata samansi. Anakimbilia ofisi ya mkopeshaji kujieleza, anakaribishwa vizuri, anaambiwa "sawa tumekuelewa, ila saini hapa utakuwa unalipa elfu hamsini hamsini wakati tunafuatilia". Usisaini! Hapo umeandika kwa mkono wako mwenyewe kwamba unadaiwa, na hata wakili mzuri atapata shida kukuchomoa. Wakati huo siku zinakwenda. Kama kesi imefunguliwa mahakama ya wilaya au ya juu zaidi, kawaida una siku 21 tangu upokee samansi kuwasilisha utetezi wa maandishi, ukipitisha wanaweza kuendelea bila wewe, inatoka hukumu ya upande mmoja halafu unakuja kushtuka dalali wa mahakama yuko mlangoni anaandika friji na pikipiki. Kuitengua hukumu ya namna hiyo inawezekana ila ni kazi na ni hela. Na samansi zingine za madai ya benki zinasema kabisa uombe kwanza ruhusa ya kujitetea, kwa hiyo isome yote mpaka nyuma, au msomeshe mtu anayejua.

Mahakama ya Mwanzo ni tofauti kidogo, unaitwa tarehe fulani unaenda kujibu kwa mdomo, na kwa deni la laki nne kumlipa wakili pengine ni hasara tu. Msaidizi wa kisheria anaweza kukupanga vizuri ukaenda mwenyewe, ila yeye haruhusiwi kusimama mahakamani kwa niaba yako. Deni likiwa la mamilioni au limeshikishwa nyumba hapo usibahatishe, tafuta wakili.

Na wakili awe wakili kweli, maana vishoka wamejaa nje ya mahakama na begi zao na mihuri. Uliza namba yake ya uwakili, mtafute kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama uone kama leseni ya mwaka huu iko hai, hachukii mtu kuulizwa hilo, akichukia ondoka. Bei mkubaliane kwa maandishi: ni ya utetezi tu au mpaka hukumu, nauli ya Kasulu nani analipa, na risiti upewe. Huna uwezo? Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 ipo kwa ajili yako, nenda ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri yako waulize watoa huduma waliosajiliwa.

Ukikaa na wakili mwambie ukweli wote, hata kama aliyekopa unamhisi ni shemeji yako (inatokea sana kuliko watu wanavyokubali). Kazi yake kubwa ni kumbana mdai, kwa sababu anayedai ndiye anayetakiwa kuthibitisha, siyo wewe. Alete mkataba wenyewe, saini, dole gumba, picha iliyopigwa siku ya mkopo, mdhamini, barua ya mtendaji wa mtaa, na hasa hela iliingia namba gani au akaunti gani na ilitolewa wapi. Mkopo umetolewa Dar siku ambayo wewe ulisaini daftari la mahudhurio shuleni Kigoma, hicho ni kitu cha kumpa wakili, kilete. Polisi pia uende mapema ukachukue RB (namba ya kumbukumbu ya taarifa uliyotoa), kutumia utambulisho wa mtu mwingine mtandaoni ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na hakimu akiona umelalamika kabla hujashtakiwa au mara tu ulipojua anakuangalia kwa jicho lingine.

Kwenye utetezi wakili aombe na gharama za kesi, risiti zako zitunze. Ukishinda chukua nakala ya hukumu na tuzo (amri rasmi ya mahakama inayotokana na hukumu), mpelekee mkopeshaji kwa barua aitie muhuri wa kupokea, umtake arekebishe taarifa zako kwenye kampuni za kumbukumbu za mikopo, maana usipofuatilia jina lako linabaki kule kama mdaiwa sugu na benki nyingine itakunyima.