"Madam, Hii ni Ratiba au Likizo?"

Wiki iliyopita kijana wa mwaka wa pili aliingia ofisini kwangu na barua yake ya kwenda Chuo Kikuu cha Uppsala, Uswidi, kwa muhula mmoja wa kubadilishana wanafunzi. Nikampongeza. Akaketi, akafungua simu, akanionyesha ratiba huku anacheka: "Madam, hii ni ratiba au likizo? Lekcha mbili kwa wiki!" Huyo ni wa tatu muhula huu. Miaka yote ninayoshughulika na wanafunzi wa kubadilishana, sentensi hiyo haijawahi kunikosa. Basi naijibu hapa mara moja, pamoja na nyingine ninazoambiwa kila muhula, anayefuata nimpe asome kabla hajavuta kiti.

"Vipindi vichache, kwa hiyo kule kusoma ni mteremko."

Uswidi hawahesabu kozi kwa saa za darasani. Muhula una wiki 20 na pointi 30. Kozi nyingi ni za pointi 7.5 na mara nyingi husomwa moja baada ya nyingine: wiki 5 kozi hii, mtihani, kisha kozi mpya. Pointi 7.5 maana yake ni wiki 5 za kazi ya saa 40, yaani saa 200. Lekcha zikila nyingi zitakula 30. Hizo 170 zilizobaki ni wewe na vitabu, na hakuna atakayekuuliza umezitumiaje mpaka ifike siku ya semina.

Kwenye semina ndipo wetu wanapoumbuka. Lekcha kwa kawaida ni hiari, semina ni lazima. Unatakiwa uwe umesoma makala zote ulizopangiwa na uwe na neno la kusema, si kuitikia kwa kichwa. Aliyezoea kungoja desa lizungushwe kwenye grupu la WhatsApp wiki ya mwisho atangoja sana, maana grupu lenyewe halipo. Na kozi ya wiki 5 haina muda wa kupasha misuli. Wiki ya pili ikiisha, karibu nusu ya kozi imekwenda, wakati wewe bado unapiga picha na baiskeli pembeni ya mto Fyris.

Tena kuna hili la majina. Kule profesa anaitwa kwa jina lake la kwanza, hana "Prof" wala "Dokta", na mnaweza kunywa naye kahawa. Wanafunzi wangu hurudi na tafsiri kwamba walimu ni washikaji, watakuonea huruma. Huruma gani? Karatasi ya mtihani wa ukumbini kwa kawaida haina jina lako, ina namba tu. Anayesahihisha hajui kama ni yule wa kahawa.

Mtihani wenyewe una usajili wake, mbali na usajili wa kozi, na dirisha hufungwa zaidi ya wiki moja kabla ya siku yenyewe. Hapa nyumbani ukishasajili kozi, UE, mtihani wa mwisho wa muhula, inakungoja. Kule usipojisajili huna uhakika wa kiti. Mmoja wangu alifika mlangoni na pasipoti, kalamu na ndizi mbili za kulia ndani (mtihani huweza kuchukua saa 4 au 5, na watu huingia na vyakula vyao), akarudi bweni na ndizi zake. Marudio yapo, wanayaita omtenta, ila hupangwa kwa kalenda yao. Huenda tarehe ikakukuta uko Ubungo kwenye foleni.

Kazi nyingine ni za kuandika nyumbani, na hapo wapo wanaoona mlango wa kudesa. Maandishi hupitishwa kwenye programu ya kuyalinganisha na ya wengine, na kesi ikithibitika, kamati ya nidhamu inaweza kukusimamisha masomo hadi miezi 6. Wewe umekwenda kwa miezi 5. Piga hesabu mwenyewe.

Linaloniudhi kuliko yote ni hili: mtu amesoma kweli, amefaulu, anarudi na transkripti (karatasi ya matokeo) safi, halafu idara yake inamwambia kozi hizo haizitambui. Kwa nini? Alizibadilisha kule wiki ya kwanza kwa sababu ratiba za zile za awali ziligongana, na hakumwandikia mtu. Mkataba wa masomo, ule wenye orodha ya kozi utakazosoma kule, si karatasi ya kukamilisha faili. Ukibadilisha kozi, badilisha na mkataba, pande zote zisaini. Na kabla hujapanda ndege idara ikuandikie alama zao utazihesabiwaje, maana kozi nyingi zina U, G na VG tu: umefeli, umefaulu, umefaulu vizuri sana. G ni B au ni C? Ukiuliza ukisharudi, jibu litatolewa na mtu ambaye siku hiyo ana haraka. Nalisema hili kila mwaka, na kila mwaka kuna anayelia hapa hapa kwenye kiti changu.

"Kila kitu kinalipwa."

Karo, ndiyo. Tangu 2011 Uswidi inawatoza ada wanafunzi wanaotoka nje ya Ulaya, lakini wa kubadilishana halipi kule kwa sababu vyuo viwili vimekubaliana. Ada ya chuo chako inaendelea kama kawaida. Kula na kulala ni suala la ufadhili wako, usome barua mpaka mstari wa mwisho. Ukikaa zaidi ya miezi 3 unahitaji kibali cha ukaazi, na Idara ya Uhamiaji yao inataka uthibitisho wa zaidi ya krona 10,000 kwa kila mwezi. Kama ni fedha yako, iwe kwenye akaunti yenye jina lako, si la mjomba.

"Nitafungua akaunti nikifika."

Hutafungua kirahisi. Namba ya utambulisho ya Uswidi, personnummer, hupewa anayekwenda kuishi mwaka mmoja au zaidi. Wa muhula mmoja haipati, na bila hiyo benki zinasuasua, na Swish, ambayo ndiyo M-Pesa yao, unaitazama tu wenzako wakiitumia. Noti nazo sehemu nyingi hawazipokei. Nenda na kadi mbili za benki tofauti, ujaribu zote mbili kabla ya safari.

"Baridi itaniua."

Nyumba zao zina joto kuliko Njombe mwezi wa saba. Kinachosumbua ni giza: mwishoni mwa Desemba jua la Uppsala linazama kabla ya saa 9 alasiri. Toka nje mchana, hata kama ni dakika 20. Koti usinunue mtumba wa soko la Karume. Huenda lilitoka huko huko, kanunue mtumba wao. Viatu tu ndivyo usibanie.

"Waswidi hawaongei na mtu."

Kwenye basi, kweli. Lakini Uppsala ina nesheni 13, vyama vya wanafunzi vyenye majina ya mikoa yao, vyenye chakula cha bei nafuu, kwaya na dansi. Jiunge na moja, kisha ujitolee jikoni. Ukimenya viazi na mtu saa mbili atakuambia hadi jina la bibi yake.

"Krismasi nitakuwa nyumbani."

Muhula wa vuli unaisha katikati ya Januari, na mtihani wa kozi ya mwisho mara nyingi huwa baada ya mwaka mpya. Siku hizi nauliza tarehe ya tiketi hata kabla ya shikamoo kuitikiwa. Yule kijana wa wiki iliyopita alikuwa ameshalipia: Desemba 19.