Sili Anakula Nini? Jibu Linatafutwa Kwenye Kinyesi Chake

Mvuvi wa Walvis Bay nchini Namibia anayevuta wavu na kukuta samaki wameng'atwa matumbo hahitaji mtaalamu wa kumwambia sili anakula nini. Amemwona kwa macho yake. Wavu umetoboka, mafuta ya mashine yameungua bure, na mnyama mwenyewe bado yuko nyuma ya chombo, kichwa nje ya maji, anasubiri mvuto wa pili. Hasira ya mvuvi huyo ni ya haki. Tatizo linaanza pale hasira inapogeuzwa kuwa hesabu: sili ni wengi, kila mmoja anakula kilo kadhaa kwa siku, basi tukiwapunguza, samaki waliokuwa wakiliwa watakuwa wetu. Kuna serikali zilizofuata hesabu hiyo. Jimbo la Washington huko Marekani lililipa zawadi kwa kila sili aliyeuawa hadi mwaka 1960. Hesabu yenyewe, hata hivyo, haikamiliki mpaka tujue sili anakula nini akiwa mbali na wavu, huko ambako hakuna anayemwona.

Ninaowazungumzia hapa ni sili-manyoya wa kusini mwa Afrika. Makazi yao yanaanzia kusini mwa Angola, yanapita pwani yote ya Namibia na kuzunguka hadi Algoa Bay, upande wa mashariki wa Afrika Kusini. Ingawa tunawaita sili, kwa ukoo wako karibu zaidi na simba bahari: wana masikio madogo yanayoonekana nje, na wakiwa nchi kavu hutembea kwa mapezi yote manne badala ya kuburuza tumbo kama sili wa kweli. Dume mkubwa anaweza kupita kilo 250, ilhali jike mara nyingi hafiki kilo 80. Cape Cross nchini Namibia peke yake hukusanya makumi ya maelfu ya wanyama hawa juu ya mawe, na harufu yao humpokea mgeni kabla hajawaona.

Maji yao ni tofauti sana na maji ya pwani ya Afrika Mashariki. Upepo husukuma maji ya juu kwenda mbali na nchi kavu, na maji baridi yenye rutuba hupanda kutoka chini kushika nafasi yake. Ndiyo bahari ya mkondo wa Benguela, yenye sadini, dagaa, samaki wa jamaa ya kolekole, ngisi, na samaki mweupe aitwaye heki ambaye ndiye uti wa mgongo wa uvuvi wa meli za nyavu za kukokota nchini Namibia na Afrika Kusini. Sili na binadamu wanavua humo humo. Ndiyo maana swali la chakula cha sili limekuwa swali la pesa, ajira na siasa.

Zamani jibu lilipatikana kwa bunduki. Kati ya 1974 na 1985 watafiti wa Afrika Kusini walichunguza matumbo ya sili waliopigwa risasi baharini, na kazi hiyo ndiyo iliyoonyesha kwamba samaki ni sehemu kubwa ya mlo wao, wakifuatiwa na ngisi. Takwimu hizo bado zinatumika, na sioni sababu ya kuzidharau. Lakini sili aliyekufa hawezi kuchunguzwa tena mwakani, na ukimuua akiwa amepumzika nchi kavu mara nyingi unakuta tumbo tupu.

Siku hizi tunaokota kinyesi. Ni kazi inayohitaji subira na adabu kuliko inavyoonekana. Watoto huzaliwa zaidi mwezi wa Novemba na Desemba, na sili wakubwa wakishtuka hukimbilia majini kwa pamoja wakikanyaga watoto njiani. Kwa hiyo mtafiti huingia kwa kuzunguka pembezoni, huchagua saa na msimu, huokota na kuondoka. Tangu mwaka 2024, kichaa cha mbwa kilipothibitishwa kwa sili hawa nchini Afrika Kusini, tahadhari dhidi ya kung'atwa imekuwa sharti la kwanza.

Kila kinyesi huwekwa kwenye mfuko wake, huandikwa mahali na tarehe, kisha hugandishwa. Maabarani huloweshwa na kuoshwa juu ya machekeche yaliyopangwa, yenye matundu mapana juu na membamba chini, hadi nusu milimita. Sehemu laini yote hupita. Yanayobaki ni mifupa, magamba, lenzi za macho, midomo migumu ya ngisi, na kile tunachokitafuta kuliko vyote: vijiwe vya masikioni mwa samaki.

Kila samaki mwenye mifupa ana vijiwe hivi ndani ya kichwa, jozi tatu za chokaa ngumu, na ndivyo vinavyomwezesha kusikia na kushika mizani yake majini. Umbo lake hutofautiana kwa kila aina. Mtu aliyezoea hadubini huvitambua jinsi mchuuzi wa soko la samaki la Feri, Dar es Salaam, anavyotofautisha changu na tasi bila kufikiri. Tena urefu wa kijiwe huenda pamoja na urefu wa samaki, kwa hiyo kijiwe kimoja kinaweza kukwambia kwamba aliyeliwa alikuwa heki wa sentimita kadhaa, na kutokana na urefu huo ukakadiria uzito wake. Ukikipasua utakuta pete zinazohesabika, kama zile za shina la mti, zinazoonyesha umri.

Lakini vijiwe vinaweza kudanganya, na hapa ndipo mtafiti mwenye haraka anapopotea. Asidi ya tumbo huvila. Kijiwe kidogo cha dagaa huyeyuka na kutoweka, ilhali kikubwa cha heki hutoka kikiwa kimepungua tu. Ukihesabu ulichokiona bila kurekebisha, utasema sili anakula heki wengi na dagaa wachache, nawe huna ushahidi huo. Sili akipata samaki mkubwa humrarua juu ya maji na anaweza kuacha kichwa, na kichwa kikiachwa vijiwe navyo vimeachwa. Papa na taa hawana vijiwe vigumu vya namna hii, basi wao hupita kimya. Midomo ya ngisi nayo ina kasoro ya kinyume: haimeng'enywi, hujikusanya tumboni, na mingine hutapikwa, hivyo kwenye kinyesi huonekana michache kuliko walioliwa na kwenye matapishi huonekana mingi mno.

Dawa ya udanganyifu huu ni kulisha wanyama waliofugwa chakula kinachojulikana. Unampa samaki wenye idadi na urefu uliopima mwenyewe, unakusanya kila kinachotoka, unahesabu vijiwe vilivyopotea na kupima vilivyopungua. Majaribio hayo yamefanywa kwa miaka mingi huko Vancouver, Kanada, kwa kutumia simba bahari wa Steller, na yametoa viwango vya masahihisho kwa aina mbalimbali za samaki. Kwangu mimi hii ndiyo sehemu inayostahili heshima kubwa zaidi katika fani hii nzima. Bila masahihisho hayo, ripoti yoyote ya mlo wa sili ni idadi ya vijiwe vilivyonusurika, si idadi ya samaki walioliwa.

Ile sehemu laini ya kinyesi iliyokuwa ikimwagwa na maji nayo siku hizi huhifadhiwa, kwa sababu ina vinasaba vya mawindo. Vinasaba humtaja samaki hata kama hakuna mfupa uliobaki, humtaja papa, na vya sili mwenyewe hueleza kama mwenye kinyesi ni dume au jike. Havitaji ukubwa wa aliyeliwa, wala havitofautishi kati ya samaki aliyeliwa na sili, na dagaa aliyekuwa tayari tumboni mwa samaki huyo. Kwa hiyo vijiwe na vinasaba husomwa pamoja.

Kinyesi, hata kikisomwa vizuri, ni habari ya siku moja mbili zilizopita, tena za karibu na nchi kavu. Kwa muda mrefu zaidi tunauliza mwili wenyewe. Mafuta ya chini ya ngozi hubeba alama za mafuta ya samaki aliyeliwa wiki na miezi iliyopita. Sara Iverson wa Kanada na wenzake walichapisha mwaka 2004 njia ya kukokotoa mlo kutokana na alama hizo, kwa kutumia kipande kidogo tu kilichochukuliwa kwa sili aliye hai. Sharubu nazo ni kumbukumbu. Sili-manyoya hubaki na sharubu kwa miaka, zikikua polepole kutoka mzizini, na kila sehemu ya urefu wake imejengwa kwa chakula cha wakati wake. Tunapima uwiano wa nitrojeni nzito na nyepesi, maana nzito huongezeka kila mmoja anapomla mwingine, kutoka mwani hadi kwa sili. Uwiano wa kaboni huonyesha kama aliwinda karibu na pwani au bahari kuu. Sharubu haikutajii jina la samaki, lakini inakwambia kama mwaka huu jike yule amebadilisha mawindo au mahali. Kuna pia kamera na vipimo vya mwendo vinavyobandikwa mgongoni kwa gundi na kuondoka mnyama anapobadilisha manyoya.

Heki wawili, sili mmoja

Turudi kwa mvuvi. Heki wa Benguela ni wa aina mbili, mmoja wa maji ya kina kifupi na mwingine wa kina kirefu. Wawili hawa hawaishi kwa amani. Heki mkubwa wa kina kifupi hula watoto wa aina yake mwenyewe, na hula pia wadogo wa heki wa kina kirefu pale makazi yao yanapokutana. Uchunguzi wa mlo ulionyesha kwamba sili hula zaidi heki wa kina kifupi. Watafiti André Punt na Doug Butterworth walipoingiza ukweli huo kwenye modeli yao ya hesabu mwaka 1995, picha ilibadilika. Ukipunguza sili, heki wa kina kifupi huongezeka, na wakiongezeka hula zaidi wadogo wa kina kirefu. Anachokiacha sili hakiingii chote kwenye wavu, kwa sababu kuna mdomo mwingine ulio karibu zaidi. Faida kwa wavuvi ilikuwa ndogo sana, na hata hasara iliwezekana.

Miaka mitatu baadaye mtafiti Peter Yodzis alipanua hesabu kwa kuingiza mtandao mzima wa nani anamla nani katika Benguela. Akaona kwamba kuwapunguza sili kuna uwezekano mkubwa zaidi wa kupunguza jumla ya mavuno ya samaki wanaovuliwa kuliko kuyaongeza. Hesabu hizi zina mashaka yake, nao wenyewe walionyesha mashaka hayo waziwazi. Ila mtu anayedai kwamba kila kilo isiyoliwa na sili ni kilo ya mvuvi anapaswa kuzijibu kwanza.

Namibia ina mfano mwingine. Mwaka 1968 uvuvi wa sadini katika maji yake ulifikia takriban tani milioni 1.4, kisha sadini wakaporomoka, na hawajarudi kama walivyokuwa. Mwaka 2018 serikali ilisimamisha kabisa uvuvi wao. Sili, walionyimwa sadini, wakaonekana wakila kwa wingi gobi mwenye ndevu, samaki mdogo ambaye mchana hujificha kwenye tope lisilo na hewa ya kutosha na usiku hupanda juu. Heki na samaki wa jamaa ya kolekole nao humla. Kinyesi cha sili, kikikusanywa mwaka baada ya mwaka, kinatueleza mabadiliko ya bahari ambayo meli ya uvuvi haiwezi kuyaona, kwa kuwa hakuna anayetega wavu kwa ajili ya gobi. Chakula kikikosekana matokeo huonekana ufukweni: mwaka 1994 sili wengi wa Namibia walikufa kwa njaa.

Aina ya chakula nayo ina uzito wake, mbali na wingi. Simba bahari wa Steller wa magharibi mwa Alaska walipungua kwa zaidi ya asilimia 80 kati ya miaka ya 1970 na 2000. Mwaka 2000 watafiti David Rosen na Andrew Trites waliripoti kwamba simba bahari waliofugwa walipolishwa poloki tu, samaki asiye na mafuta mengi, walipoteza uzito ingawa waliruhusiwa kula kadiri walivyotaka. Wataalamu bado wanabishana kuhusu sababu za kupungua kule, lakini jaribio hilo lilituzuia kusema kwamba samaki yeyote ni sawa na mwingine.

Kwa wakazi wa pwani yetu

Afrika Mashariki haina makazi ya kudumu ya sili, ingawa sili-manyoya aliyepotea kutoka visiwa vya bahari ya kusini amewahi kurekodiwa Tanzania. Elimu hii ya vijiwe, hata hivyo, imeshatumika kwetu. Watafiti wa Zanzibar walichunguza matumbo ya pomboo 26 waliokufa kwa kunaswa kwenye nyavu za jarife, na katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2005 walitambua aina 50 za samaki na 3 za ngisi. Matumbo hayo yalipatikana kwa ushirikiano wa wavuvi wenyewe.

Ukikuta sili hai amelala ufukweni, usimsukume majini wala kummwagia maji. Mara nyingi amekuja kupumzika. Kaa mbali, zuia mbwa na watoto, toa taarifa BMU (kikundi cha usimamizi wa fukwe) au ofisi ya uvuvi. Ukikuta sili, pomboo au nguva aliyekufa, usimpasue, maana vijiwe vikimwagika mchangani havipatikani tena. Piga picha ya mwili mzima na ya kichwa, pima urefu kwa kamba kutoka puani hadi ncha ya mkia, andika mahali, tarehe na aina ya wavu kama alinaswa, na uwapigie simu BMU au ofisi ya uvuvi siku hiyo hiyo, kabla joto halijaharibu kilichomo tumboni.