Muislamu na msiba wa jirani Mkristo

Hapa Mbeya, kuanzia Mwanjelwa hadi Uyole, bado utasikia kwamba Uislamu unamkataza Muislamu kwenda kumpa pole jirani Mkristo aliyefiwa, na kwamba wema wake ni wa Waislamu wenzake tu. Inaumiza, maana wapo wanaobaki ndani wakiamini wanatii dini.

Qur'ani, sura ya 60 aya ya 8, inasema Mwenyezi Mungu hawakatazi Waislamu kuwatendea wema na uadilifu wale wasiowapiga vita kwa ajili ya dini wala kuwatoa majumbani mwao. Katika Bukhari na Muslim, vitabu viwili vya hadithi za Mtume, imo habari ya jeneza lililopita mbele ya Mtume (S.A.W.), naye akasimama. Akaambiwa ni la Myahudi. Akauliza: "Je, si nafsi?" Naye sahaba Abdullah bin Amr, familia yake ilipochinja, aliuliza mara mbili kama jirani yao Myahudi amepelekewa nyama.

Mpaka upo, ila uko kwenye ibada: Muislamu hashiriki ibada ya kanisani, wala hamswalii marehemu asiye Muislamu. Kufunga turubai, kupasua kuni, kutoa rambirambi, kukaa na wafiwa kwenye ile baridi ya Juni, hayo ni wema uleule wa kwenye aya. Na chakula kikikutia shaka, sema mapema. Misiba mingi ya mtaani huku kuchinja hukabidhiwa Muislamu, ili wote wale pamoja.