Mtazamo wa ukuaji si fikra chanya

Kuanzia Septemba hadi mwishoni mwa Oktoba, shule za sekondari hapa Moshi huwa kwenye mahafali ya kidato cha nne. Maturubai yanafungwa uwanjani, wazazi wanakuja na maua ya plastiki na bahasha, na kabla keki haijakatwa anapewa kipaza sauti mgeni aliyealikwa kuwahamasisha wahitimu. Msimu huu wageni wamelipenda mno neno "mtazamo wa ukuaji". Mmoja aliwaambia wanafunzi kwamba maana yake ni kuamini kuwa utafaulu. Mwingine aliwataka wasimame mbele ya kioo kila asubuhi na kujiambia "mimi ni kichwa". Na yuko aliyeshangiliwa kuliko wote, aliyesema kwamba ukiona mtu amefeli, ujue mtazamo wake ulifeli kwanza.

Mimi ni mwalimu wa hesabu. Wanafunzi wanaoyasikia hayo chini ya turubai ndio ninaokaa nao siku zinazofuata tukipitia mitihani ya miaka iliyopita, na maneno wanayoyabeba kutoka kwenye mahafali huja nayo darasani. Ndiyo maana siwezi kuliacha hili lipite.

Maana yenyewe ni fupi. Mtazamo wa ukuaji ni imani kwamba uwezo wa mtu wa kujifunza au kufanya jambo unaweza kuongezeka, akipata mazoezi, mbinu zinazofaa na msaada wa watu wengine. Upande wa pili uko mtazamo mgando, yaani imani kwamba uwezo ni kiasi ulichozaliwa nacho na hakiongezeki. Maana hiyo haitaji kufaulu popote. Haitaji kujipenda, wala utajiri, wala kujiona kichwa. Inajibu swali moja tu: uwezo ni kitu cha namna gani, kinakua au hakikui?

Ukitaka kuuona mtazamo mgando huna haja ya kwenda mbali. Shuleni tuna "kipanga" na "kilaza", na mtoto akishapewa moja ya majina hayo kidato cha kwanza, huwa analibeba hadi anamaliza. Nyumbani mzazi anasema mbele ya mwanawe kwamba hesabu kwenye ukoo wao hazipandi. Anasema kwa upendo kabisa, anataka mtoto asijisikie vibaya, na mtoto anaelewa kwamba jambo limeshaamuliwa.

Dhana hii ilianzia kwa watoto wanaoshindwa, na hapo ndipo wahamasishaji wetu wanapopotea. Carol Dweck, mwanasaikolojia wa Marekani ambaye baadaye alikuja kufundisha Chuo Kikuu cha Stanford, amesimulia kwamba alipokuwa darasa la sita huko Brooklyn mwalimu aliwapanga viti kwa kufuata alama zao za IQ, yaani kipimo cha akili. Wenye alama za chini hawakuruhusiwa hata kubeba bendera. Jambo la kusikitisha ni kwamba vipimo hivyo vya akili vina asili tofauti kabisa na matumizi hayo. Alfred Binet na Théodore Simon walitengeneza kipimo chao huko Paris mwaka 1905 ili kuwatambua watoto waliohitaji kufundishwa kwa namna nyingine. Binet mwenyewe, kabla ya kufariki mwaka 1911, aliandika kuwapinga waliodai kwamba akili ya mtu ni kiasi kisichoongezeka.

Dweck alianza na watoto waliokuwa wakikata tamaa mara tu hesabu zikiwashinda. Katika utafiti aliouchapisha mwaka 1975 aliwagawa makundi mawili. Kundi la kwanza walipewa maswali wanayoyaweza, washinde kila mara, waondoke wakijisikia vizuri. Kundi la pili walichanganyiwa na maswali yaliyowashinda, na kila waliposhindwa walifundishwa kuona kwamba juhudi ndiyo haikutosha, akili zao hazina tatizo. Baadaye wote wakakutana na maswali magumu. Watoto waliolishwa ushindi mtupu walivunjika moyo kama zamani. Wale waliofundishwa kukutana na kushindwa waliendelea na kazi.

Tafadhali utulie kidogo kwenye matokeo hayo, kwa sababu kundi la kwanza ndilo lililopewa kile ambacho kwenye mahafali kinaitwa mtazamo wa ukuaji. Lilijengewa hali ya kujiamini, na likajiamini mpaka siku ngumu ilipofika.

Mwaka 1998 Dweck na mwenzake Claudia Mueller walichapisha jaribio lililo maarufu zaidi. Watoto wa umri wa darasa la tano walipewa mafumbo, kisha wakasifiwa. Baadhi waliambiwa wamefanya vizuri kwa sababu wana akili, wengine kwa sababu wamejitahidi. Halafu wakapewa mafumbo magumu yaliyowashinda wote, na mwishoni wakarudishiwa mepesi. Waliosifiwa akili walifanya vibaya kuliko walivyoanza. Walipoombwa kuandika alama zao kwa ajili ya watoto wa shule nyingine, karibu wanne katika kumi miongoni mwa hao waliosifiwa akili waliandika alama za uongo, wakajiongezea. Kwa waliosifiwa juhudi, waliofanya hivyo walikuwa zaidi kidogo ya mmoja katika kumi.

Nikisoma matokeo hayo nawaona kipanga wetu. Mtoto aliyekuwa wa kwanza tangu darasa la tatu, akaitwa jiniasi na mtaa mzima, anaingia kidato cha kwanza masomo yakiwa kwa Kiingereza, anapata thelathini na nane kwa mara ya kwanza maishani mwake. Karatasi inafichwa chini ya godoro. Haji kuuliza, maana kipanga akiuliza ina maana hakuwa kipanga. Kumwambia mtoto huyo asimame mbele ya kioo na kurudia kwamba yeye ni kichwa ni kumwongezea mzigo uleule unaomwelemea.

Sasa, fikra chanya. Hizo zina historia yake na zina watu wake. Mmoja wa walioeneza mafundisho hayo sana ni Norman Vincent Peale, mchungaji wa New York, miaka ya 1950: uone moyoni jambo limekwisha kuwa, nalo litakuwa. Sina ugomvi na mtu anayepata faraja humo. Lakini ni jambo jingine, na lilipopimwa halikutoa kile kinachoahidiwa. Gabriele Oettingen na Doris Mayer mwaka 2002 walichapisha utafiti uliowafuatilia kwa miaka miwili wahitimu wa chuo kikuu nchini Ujerumani waliokuwa wakitafuta kazi. Waliozoea kujiona kwenye ndoto wakiwa tayari wamepata kazi nzuri waliishia kupata nafasi chache zaidi na mshahara mdogo zaidi. Waliotarajia mema kwa kupima walichokwisha kukifanya walikwenda vizuri. Oettingen anaeleza kwamba anayejiona moyoni amefika hupungukiwa na nguvu ya kwenda.

Lipo kosa la pili, na hili ni letu walimu kuliko wahamasishaji: kudhani kwamba mtazamo wa ukuaji ni bidii. Binti mmoja wa kidato cha pili alinionyesha daftari lake. Swali la kwanza lilikuwa 3(x − 4) = 2x + 7. Mstari unaofuata ameandika 3x − 4 = 2x + 7, na jibu lake ni 11. Amefungua mabano kwa kuzidisha x tu, ile 4 akaiacha kama ilivyo. Jibu sahihi ni 19. Swali la pili, kosa hilohilo. La tatu hivyohivyo, ukurasa mzima. Chini kulikuwa na wino mwekundu: "Ongeza bidii." Naye aliongeza. Alifungua ukurasa wa pili, akapiga mistari ya pembeni kwa rula, akafanya maswali mengine kumi kwa mwandiko mzuri sana, na kila moja limekosewa palepale kwenye mabano.

Huyo hakupungukiwa bidii hata kidogo. Alipungukiwa mtu wa kuweka kidole juu ya ile 4 na kumuuliza "hii umeizidisha na nini?" Alipoulizwa alitazama, akanyamaza, kisha akachukua kifutio. Dweck mwenyewe alilalamikia jambo hili mwaka 2015, alipoona walimu wakisifia juhudi za mtoto asiyejifunza kitu, wakidhani wanaifuata dhana yake. Alisema juhudi ni njia ya kufikia kujifunza. Mtoto aliyekwama anahitaji mbinu nyingine na anahitaji msaada. Wengi hurukia neno juhudi kwa sababu linabaki kuwa la mtoto peke yake. Mbinu na msaada vinatugusa sisi.

Na kwa kuwa hapa Moshi hakuna hotuba inayomalizika bila mlima, niuseme na mimi. Nimesikia mara nyingi kwamba Kilimanjaro unapandwa kwa mtazamo. Muulize mwongoza watalii yeyote anayepitia lango la Marangu. Kilele cha Uhuru kiko mita 5,895, na hewa ya huko ina takribani nusu ya oksijeni tunayovuta usawa wa bahari. Mwili unazoea, ila unazoea kwa taratibu yake: unaongeza siku moja ya kukaa kambi ya Horombo, mita 3,720, unatembea hadi juu kidogo mchana na kurudi kulala chini, unakunywa maji, unakwenda polepole hata kama miguu inataka kukimbia. Mgeni mwenye hamasa kuliko wote, akikataa kupumzika siku hiyo, ndiye wanayemshusha usiku kichwa kikimpasuka. Anayeamini kwamba mwili wake unaweza kuzoea, akakubali kuambiwa afanye nini na afanye lini, huyo ndiye mwenye mtazamo wa ukuaji kwa maana yake halisi.

Tusiikuze dhana hii kupita kipimo chake pia. Utafiti mkubwa wa David Yeager na wenzake uliochapishwa mwaka 2019 uliwahusisha wanafunzi wapatao 12,000 wa darasa la tisa katika shule za serikali za Marekani. Walipewa somo la mtandaoni lisilozidi saa moja kuhusu ubongo unavyoimarika ukifanyishwa kazi ngumu. Wanafunzi waliokuwa chini kimasomo walipanda wastani kwa pointi 0.10, kwenye kipimo ambacho juu yake kabisa ni takribani 4. Ni kidogo, ingawa kwa saa moja si haba. Na faida hiyo ilishika zaidi katika shule ambazo wanafunzi wenyewe kwa wenyewe waliona ni kawaida kuchagua maswali magumu. Pale ambapo anayejaribu jambo gumu huonekana wa ajabu, imani ya mtoto peke yake haikufika mbali.

Kwa hiyo yule aliyesema kwamba aliyefeli mtazamo wake ulifeli kwanza, amelipindua neno juu chini. Wapo watoto katika mkoa huu wanaosoma hesabu bila kitabu, au wenye mwalimu mmoja wa somo hilo kwa shule nzima. Wapo wanaoamka alfajiri kukata majani ya ng'ombe ndipo waanze safari ya kwenda shule. Dhana iliyotungwa ili mtoto asihukumiwe kwa matokeo ya siku moja haiwezi kugeuzwa kuwa hukumu juu yake, mbele ya wazazi wake, siku ya mahafali yake.

Ndugu zangu mnaoalikwa kuzungumza, sisemi mliache neno hili. Watoto wanawasikiliza ninyi kwa namna wasivyotusikiliza sisi, na mnaweza kuwasaidia. Mkitaka kuwaambia waamini watafaulu, semeni hivyo; hayo ni matumaini, nayo wanayahitaji. Mkitaka kuwatia moyo wafanye bidii, hiyo ni bidii. Mnapofika kwenye mtazamo wa ukuaji, waambieni kwamba hesabu iliyowashinda jana inaweza kueleweka, na kwamba wachukue lile swali lenyewe, pamoja na jibu lao la makosa bila kulifuta, wampelekee mwalimu Jumatatu na kumuuliza wamekosea hatua ya ngapi. Halafu mtugeukie sisi walimu tuliokaa pale mbele, mtuombe tuwajibu.